Muhuri Kwenye Ukurasa wa Mwisho

Bwana Ham wa kampuni ya uchapishaji alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne akiwa amekumbatia boksi, jasho linamtoka, na huku nje ni Februari na baridi ya mji wetu wa Daegu inakata masikio. Akavua viatu mlangoni, akalitua boksi kwenye sakafu yenye joto, kisha akatoa mfukoni kijifuko cha hariri na kukiweka juu yake kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Profesa Maeng anawasalimu," alisema. "Mkewe mkono unamsumbua. Anaomba mmsaidie kugonga."

Miryong, mke wa nyumba ile, alikuwa anajifunga skafu aende kazini. "Kugonga nini?"

"Mihuri, mama. Kitabu cha kalkulasi kinatoka wiki hii. Chuo kinafunguliwa Jumatatu ijayo, na bila mihuri hatuwezi kukipeleka dukani."

Alifungua boksi. Mlikuwa na karatasi nyingi zilizopigwa mistari ya vijisanduku vidogo, kila kimoja saizi ya stempu ya posta. Ndivyo vitabu vilivyouzwa kwetu miaka ile. Mwandishi anagonga muhuri wake kwenye kila kijisanduku, vinakatwa, kisha vinabandikwa kimoja kimoja ukurasa wa mwisho wa kila nakala. Muhuri ukionekana, maana yake mwenye kitabu anaijua nakala hiyo na malipo yake atayapata. Basi kitabu kikitoka, nyumba nzima inakaa kitako inagonga mpaka viganja vinakuwa vyekundu. Ni kazi ya raha, wanasema. Raha kwa mwenye kitabu.

"Muhuri wa nani?" Miryong aliuliza, na macho yake yako kwenye kile kijifuko.

"Wa mwandishi."

"Mwandishi gani?"

Bwana Ham akatazama soksi zake. Mlango wa chumba ukafunguka, akatoka Pyo Insop, mumewe, miwani mkononi. "Acha, Mama Yonsu," alimwambia mkewe. Kisha akamgeukia mgeni. "Mwambie Profesa tutagonga. Hakuna shida."

Mnijue mapema. Huyu Profesa Maeng simpendi, wala sitajifanya kumpenda ili hadithi yangu ionekane ya haki. Mimi nilikaa jengo lile lile, ghorofa ya pili, na sote tulijua kitabu kile kimeandikwa wapi. Kimeandikwa kwenye meza ya kulia chakula ya nyumba ya Pyo, mezani palepale palipokuwa na bakuli za kimchi. Maeng aliandika jina lake kwenye jalada, na hapo ndipo jasho lake lilipoishia.

Mbona Insop alikubali? Alikubali kwa sababu alikuwa mhadhiri wa muda, wa kulipwa kwa saa, anayefundisha vyuo vitatu na kulala kwenye mabasi katikati yake. Idara ya hesabu ilikuwa na nafasi moja ya kudumu, ya kwanza baada ya miaka mingi. Kikao cha kuamua nani aipate kilikuwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo, na mwenyekiti wake alikuwa Maeng. Wala Maeng hakuwahi kusema neno lolote la wazi. Alisema tu, "Pyo, wewe ni mtu wangu." Basi.

Bwana Ham alipoondoka, Miryong alibaki amesimama.

"Jina lako liko wapi?"

"Toleo la pili. Ameniahidi."

"La kwanza likiitwa la Maeng, la pili litaitwa la Pyo? Baba Yonsu, mimi nashona sare za shule, sijasoma kalkulasi, lakini hilo hesabu yake naiona."

"Ni mpaka Ijumaa tu. Ijumaa ikipita, lolote utakalosema nitakusikiliza."

Miryong alifungua mdomo ajibu, lakini mlango wa choo ukalia na akatoka Bibi Tak, mama mzazi wa Insop, akijifuta mikono. Mama huyu alikuwa mfupi, mgongo umeanza kupinda, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Aliliona boksi. Akachuchumaa.

"Insop. Ndio kitabu chako hiki?"

Insop alimtazama mkewe, akatazama ukuta. "Ni vya kubandika kwenye kitabu, mama."

"Kitabu chako?"

"Ndiyo, mama. Changu."

Uongo haukuwa. Alikiandika yeye kila mstari. Lakini Miryong aliondoka kazini siku ile bila kuaga, na mlango aliufunga kwa nguvu mpaka mimi huku chini nikausikia.

* * *

Februari ndio mwezi wa sare. Miryong alikuwa kwenye cherehani katika soko la Seomun tangu alfajiri, na Insop alikuwa na masomo ya muhula mpya ya kuandaa. Siku ya kwanza waligonga wote watatu baada ya chakula cha jioni, mistari michache tu, mpaka Miryong akaanza kusinzia na muhuri mkononi. Insop aliurudisha kwenye kijifuko.

"Nendeni mkalale," Bibi Tak alisema. "Hii kazi niachieni mimi. Kesho nashinda nyumbani sina la kufanya. Nichovye kwenye wino, nisimamishe wima, nibonyeze, niinue. Kuna lingine?"

"Usipindishe tu, mama."

"Nimekunyoosha wewe, nitashindwa kunyoosha kikaratasi?"

Wakacheka wote watatu, na Insop akaenda kulala na moyo mwepesi kidogo.

Bibi Tak aligonga kutwa nzima Jumanne, na asubuhi yote ya Jumatano. Katikati alishuka kununua unga wa mchele, maana alikuwa ameshaamua kwamba jambo la heri namna hii halipiti kavu. Akapika mikate ya mchele, akapita nayo mlango kwa mlango jengo zima. Kwangu alifika viganja vyekundu.

"Mwanangu ametoa kitabu," aliniambia. "Cha chuo kikuu. Cha hesabu. Hata watoto wa matajiri watakisoma, wapende wasipende."

"Hongera, mama. Hongera sana."

"Mimi sikusoma hata darasa moja. Sasa niambie, hii ni akili ya baba yake? Baba yake alikuwa hawezi kuhesabu chenji."

Nilicheka nikapokea mikate. Alipopanda juu bado alikuwa anacheka peke yake. Jumatano mchana Bwana Ham akaja, akalibeba boksi na kile kijifuko, akashukuru, akaenda zake.

* * *

Alhamisi asubuhi Insop alipita kwenye duka la vitabu la chuo. Hakuwa na cha kununua. Alitaka kukiona tu.

Kilikuwa kimepangwa karibu na mlango, rundo refu, kinanuka wino mpya. Jalada la kijani, jina la kitabu kwa maandishi ya Kichina kama ilivyokuwa desturi ya vitabu vizito, na chini yake jina la Maeng, kwa Kichina vilevile. Alisoma dibaji akiwa amesimama. Profesa alimshukuru Mungu, akamshukuru mkewe, akamshukuru mkuu wa kitivo. Mwisho kabisa kulikuwa na shukrani "kwa Bwana Pyo Insop, aliyesahihisha makosa ya chapa."

Aliisoma mara mbili. Kisha, kwa mazoea ya mtu anayependa vitabu, akageuza mpaka ukurasa wa mwisho.

Muhuri ulikuwa mwekundu, wima, umegongwa vizuri sana. Na ulikuwa wake. Herufi za mihuri ni za kale, zimejikunja, wengi wetu hatuzisomi, lakini mtu muhuri wake anaujua. Ule alichongeshewa na mama yake siku alipoingia chuo, kwa mti wa mkunazi, na ukingoni ulikuwa na ufa mdogo. Ufa ulionekana.

Alichukua nakala nyingine. Pyo Insop. Nyingine. Pyo Insop. Kwa muda mfupi sana, aibu kulisema, alifurahi. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Halafu akakikumbuka kikao, akashika rafu.

Alitoka akakimbilia simu ya barabarani, akampigia mkewe kwenye simu ya jirani wa sokoni.

"Mama aligonga kwa muhuri gani?"

"Uliokuwa kwenye kijifuko. Upi mwingine?"

"Amegonga kwa wangu. Vitabu vyote. Viko dukani."

Cherehani zilisikika kwenye simu, nyingi kwa pamoja.

"Mama Yonsu, unanisikia?"

"Nakusikia. Natafuta pa kusikitika sipaoni."

"Si wakati wa utani huu."

"Sitanii. Mwambie Maeng kabla hajaona mwenyewe."

"Kikao ni kesho."

"Basi mwambie mama. Mmoja wao umwambie ukweli, nakuomba."

Insop alikata, akampigia Bwana Ham. Bwana Ham alisikiliza yote, kisha akashusha pumzi ndefu. "Mwalimu Pyo, nani duniani anasoma muhuri? Wasichana wangu wa gundi wamebandika vitabu vyote hawakuona. Mimi mwenyewe sikuona. Nikivirudisha leo, muhula unaanza bila kitabu na mimi natafuta kazi nyingine."

"Profesa mwenyewe atauona."

"Hatauona asipofungua ukurasa wa mwisho. Sherehe ya kitabu ni leo saa kumi na mbili jioni. Tukivuka leo, nitachapa vikaratasi vipya, tutabandika juu yake polepole. Tuombe tu asifungue."

* * *

Alirudi nyumbani mbio akamkuta Bibi Tak amevaa hanbok yake ya rangi ya zambarau, ile ya harusi na misiba ya wakubwa. Miguuni pake kulikuwa na sinia limefunikwa kitambaa, linatoa mvuke.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwenye sherehe yako. Mama Yonsu aliniambia tangu juzi iko mkahawa wa Kichina."

"Leo ni watu wa chuo tu, mama. Mtaongea nini?"

"Mimi siendi kuongea, nakwenda kugawa mikate. Mwenye kitabu asipeleke kitu kwa wakubwa zake? Watasema umelelewa na nani?"

Insop alikaa sakafuni. Alikuwa na maneno tayari, alikuwa ameyapanga kwenye basi. Badala yake aliuliza, "Mama, ulitumia muhuri gani kugonga?"

"Wako. Ule wa mkunazi, kwenye droo." Bibi Tak alikunja uso. "Kwani nimekosea? Ule wa kwenye kifuko niliuona ni wa pembe, una simba juu. Nikasema huyu Profesa ni mtu mwema, amekuazima muhuri wake upendeze. Lakini kitabu ni chako. Mtu hugonga chake kwa muhuri wa kuazima? Sikupenda. Nikaurudisha mahali pake, nikachukua wako. Ile mistari michache ya siku ya kwanza niliichana nikaitupa."

"Nao Bwana Ham akaondoka na ule wa pembe."

"Akaondoka nao. Nimekosea, Insop?"

Alimwangalia mama yake, hanbok imepigwa pasi, nywele zimepakwa mafuta. Ilikuwa hapo, wakati wake wa kusema. Akaangalia saa ya ukutani.

"Hapana, mama," alisema. "Umefanya vizuri."

* * *

Chumba cha juu cha mkahawa kilikuwa kimejaa. Mkuu wa kitivo alikaa katikati, Profesa Maeng ubavuni pake, walimu wa idara wakafuata kwa ukubwa wao, na mwisho kabisa wa meza, karibu na mlango wa kuingizia sahani, walikaa Insop, mama yake na Bwana Ham. Vitabu vya kijani vilikuwa vimerundikwa karibu na Maeng avitie saini awagawie wageni.

Bibi Tak alizunguka na sinia, akainama kwa kila mtu. "Pokeeni, wakubwa. Ni kidogo tu."

"Mama mzazi wa Pyo, umejisumbua hivi," alisema Maeng, akipokea kwa ukunjufu wa mtu aliyezoea kupokea.

"Nisijisumbue leo nijisumbue lini, Profesa?"

Hotuba zikaanza. Mkuu wa kitivo alisema nchi ilikuwa inakihitaji kitabu hiki. Mwalimu mmoja akasema sura ya mfululizo wa namba imeandikwa kwa namna ambayo hata mgumu wa kuelewa ataelewa, na kwamba ni Maeng tu mwenye subira hiyo. Sura ile Insop aliiandika mara tano. Alikunywa soju yake yote kwa mkupuo.

Bibi Tak alimvuta shati. "Mbona wanamsifu yeye?"

"Ndiye mkubwa, mama. Desturi ni kumsifu mkubwa kwanza."

"Ah, sawa." Alikubali, maana kwetu ndivyo ilivyo. Akangoja zamu ya mwanawe ifike.

Maeng alitia saini nakala ya kwanza, akamkabidhi mkuu wa kitivo. Bwana Ham alimkanyaga Insop mguu chini ya meza. Ya pili ikatiwa saini. Ya tatu. Kila nakala ilifunguliwa mbele tu, jalada likafungwa, ikapita mkono kwa mkono. Insop alianza kupumua.

"Hivi, Maeng," mkuu wa kitivo akasema, mdomo umejaa nyama, "ule muhuri wako maarufu ndio huu umo humu? Ule uliochongwa na mtawa?"

"Ndio wenyewe." Maeng alitabasamu. Kitu alichokipenda kuliko hesabu ni muhuri ule. "Alikaa nao mwezi mzima, mtawa yule, mlimani kwake. Hebu tazama mkato wa herufi."

Akafungua ukurasa wa mwisho akamgeuzia mkuu bila kuangalia, kidole kikiwa juu ya alama nyekundu. Mkuu akavaa miwani. Akasogeza kitabu karibu, kisha mbali.

"Mimi Kichina changu kimechakaa," alisema, "lakini hapa nasoma Pyo."

Maeng akakivuta kitabu. Akachukua kingine kwenye rundo, akafungua. Akachukua cha tatu. Bwana Ham aliweka vijiti vyake chini.

"Pyo. Njoo hapa."

Insop akainuka, akapita nyuma ya migongo ya wenzake wote, akasimama.

"Soma."

"Profesa, ni kosa la..."

"Nimesema soma."

"Pyo Insop."

"Unajua muhuri hapo una maana gani? Maana yake kitabu ni mali yako. Ukinipeleka mahakamani kesho na nakala hii moja, hakimu atakusikiliza wewe." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililotisha zaidi. "Nimekulea, Pyo. Nikikuuliza ni nani aliyekutuma, utaniambia?"

"Ni mimi niliyegonga, Profesa," alisema Bibi Tak.

Alikuwa ameshasimama kule mwisho wa meza, mikono mbele ya tumbo. Hakuogopa, alidhani ni suala dogo la kufafanua. "Muhuri wako mzuri mno, nikaogopa kuuchakaza. Nikatumia wa mwanangu."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza.

"Na kwa nini ugonge wa mwanao, mama?" Maeng aliuliza kwa upole.

"Kwani kitabu si cha mwanangu?"

Chumba kizima kikamgeukia Insop. Kila mwalimu pale alijua jibu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia ya kulisema, na wote walikuwa wanapiga kura kesho yake. Insop aliona uso wa mama yake kule mbali, umeinuka, unangoja tu mwanawe athibitishe ili watu wakubwa hawa waendelee kula.

"Si changu, mama," alisema. "Ni cha Profesa. Mimi nilisahihisha makosa ya chapa tu."

Bibi Tak hakuelewa mara moja. Midomo yake ilitembea, inarudia maneno yale kimyakimya. Kisha akapiga magoti palepale, akaweka viganja sakafuni na paji la uso juu yake, na sauti yake kubwa ikatoka ndogo.

"Nisamehe, Profesa mheshimiwa. Mwanangu hajawahi kuniambia ni chake. Nilijitungia mwenyewe. Ni ujinga wa mtu asiyesoma. Adhabu ni yangu, yeye hana kosa."

"Basi, mama, basi, inuka," Maeng alisema, na rangi ya uso wake ikamrudia. "Wazee wetu ndivyo walivyo, wanapenda watoto kupita kiasi. Nani hana mama hapa?"

Watu wakacheka kwa nafuu, vikombe vikajazwa. Maeng akamshika Insop bega, akamnong'oneza, "Kesho usiwe na wasiwasi. Jumapili mbandike vipya juu yake, familia nzima." Insop akainama. Aliporudi mwisho wa meza, mama yake alikuwa anakusanya makombo ya mikate kwenye sinia, na hakumwangalia.

Njiani kurudi hawakuongea. Mlangoni Bibi Tak alisema tu kwamba miguu inamuuma, akaingia chumbani kwake.

* * *

Ijumaa asubuhi Insop alikuwa anafunga tai mbele ya kioo. Kikao kilikuwa saa nane mchana. Miryong aliingia kutoka nje, koti bado mwilini, kazini hakwenda.

"Mama yuko wapi?" Insop aliuliza.

"Unauliza leo?"

"Mama Yonsu, tafadhali."

"Yuko kwenye ngazi. Ameanzia ghorofa ya kwanza, anapanda. Kila aliyempa mkate anamwomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Kwamba aliwadanganya." Sauti ya Miryong ilikatika. "Nimemsihi arudi ndani. Ananiambia, mkate nimeupeleka kwa miguu yangu, na uongo niurudishe kwa miguu yangu. Nenda kamchukue mama yako. Mimi hanisikii."

Kwangu alikuwa ameshapita. Nilifungua mlango nikamkuta ameinama tayari, kabla sijatokea. "Nilikuongopea," aliniambia. "Kile kitabu si cha Insop. Usimseme yeye, ni mimi na mdomo wangu." Nikamwambia mama, karibu ndani unywe kitu cha moto. Akakataa, akasema bado milango mingi. Nilitaka kumwambia ninachokijua. Sikumwambia. Nilijiambia si mambo yangu, na nikafunga mlango.

Insop alishuka ngazi mbilimbili. Alimkuta ghorofa ya tatu, mbele ya mlango wa kina Seol. Kati ya milango yote ya jengo lile, huo ndio aliouogopa. Bwana Seol alikuwa karani wa kitivo, ndiye aliyeandika kumbukumbu za vikao vyote, na kila neno lililomfikia saa mbili, saa tatu Maeng analo.

"Mama Jehi," Bibi Tak alikuwa anamwambia mke wa Seol, mgongo umekunjwa mpaka nywele zake nyeupe zinaonekana kisogoni, "ule mkate niliokuletea ulikuwa wa uongo. Mwanangu hajaandika kitabu. Nisamehe."

"Jamani, mama, si neno, mkate ulikuwa mtamu," Mama Jehi alisema, amechanganyikiwa, mwiko mkononi. "Inuka basi."

"Nilijitia ufahari. Mwenzangu usiniweke moyoni."

Insop alisimama ngazi ya mwisho. Angeweza kungoja. Dakika moja tu, mama yake angeinuka, angemshika mkono wakapanda nyumbani, na saa nane ingefika. Aliona kisogo kile kinashuka tena, chini zaidi ya mara ya kwanza.

"Mama Jehi," alisema. "Mama hakukuongopea. Kile kitabu nimekiandika mimi."

Wanawake wote wawili wakageuka. Nyuma ya Mama Jehi akatokea Bwana Seol, shati halijafungwa vifungo, kipande cha mkate wa mchele mkononi.

"Mwalimu Pyo, umesemaje?"

"Nimesema kitabu cha kalkulasi nimekiandika mimi, chote, kuanzia ukurasa wa kwanza. Maeng hajaandika hata zoezi moja. Mwambie nimesema hivyo. Ukipenda liandike kwenye kumbukumbu za leo."

Bwana Seol alikiweka kile kipande cha mkate juu ya kabati la viatu, taratibu, akamtazama mkewe, akarudi ndani. Simu yao ilikuwa ukutani, ndani ya mlango. Insop aliisikia ikiinuliwa. Hakujali. Kifua kilikuwa kimemfunguka, ndani yake mna hewa ambayo hakuwa nayo kwa miaka, na akamgeukia mama yake aone uso wake.

Bibi Tak alikuwa anamtazama kwa huruma, vile alivyokuwa akimtazama enzi za utoto akiwa na homa anaongea ovyo.

"Inatosha, Insop," alisema polepole. "Siku ya boksi ulinidanganya, jana ukasema kweli mbele ya watu wakubwa. Iliniuma, lakini nikalala nikijua nimezaa mtu mkweli. Leo unadanganya kwa ajili yangu?"

"Mama, jana ndiyo nilidanganya. Leo..."

"Mimi si mtoto wa kubembelezwa."

"Mama, niangalie. Nimekiandika mimi. Uliniona. Pale mezani, kila siku, uliniona."

"Nilikuona unaandika. Ni kitu gani, mimi nitajuaje?" Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti ilikuwa imara. Alinyoosha mkono wake mfupi, ambao wekundu ulikuwa haujamtoka kwenye kucha, akamshika mwanawe kisogoni na kumwinamisha, mtu mzima na tai yake, mpaka paji lake likawa usawa wa kitasa cha mlango. Yeye mwenyewe akainama kando yake.

"Mama Jehi, msamehe na huyu," alisema. "Ananionea huruma tu, mama yake."